Kabla ya Dirisha la Methadoni

Mwishoni mwa Agosti 2014 Kenya ililipua meli katika bahari kuu nje ya Mombasa huku Rais Uhuru Kenyatta akishuhudia. Meli hiyo, Al Noor, ilikuwa imenaswa Julai ikiwa na zaidi ya kilo 300 za heroini, na picha za mlipuko wake zilijaa magazetini. Desemba ya mwaka huohuo, pasipo shamrashamra, Hospitali ya Mathari jijini Nairobi ilifungua kliniki ambako mraibu wa heroini angepewa methadoni kila siku bila malipo. Mapema mwaka uliofuata huduma hiyo ikafika Malindi. Anayeyapanga matukio haya mawili sambamba atadhani historia ya mapambano dhidi ya unga katika pwani ya Afrika Mashariki ina wahusika wawili tu, polisi anayekamata na daktari anayetibu, wote wakilipwa na serikali. Hotuba nyingi za viongozi ndivyo zinavyoisimulia. Lakini simulizi hiyo inaanzia katikati. Kliniki ya Malindi ilipofunguliwa, mji huo ulikuwa umeshaishi karibu miaka 20 na watu wasio na cheo chochote waliokuwa wakiwapokea mateja, yaani waraibu wa heroini, wakiwafunga vidonda, wakiwasikiliza na kuwatetea. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba sera ya kumtazama mraibu kama mgonjwa ilianza maskani, yaani kwenye vijiwe vya mateja, na barazani, mikononi mwa vyama vya hiari, ndipo ikapanda hadi wizarani. Nitaonyesha pia kwamba serikali zilipoipokea sera hiyo zilichukua kazi ya vyama hivyo bila kuilipia.

Heroini ilianza kuonekana katika miji ya pwani kwenye miaka ya 1980. Ilikuja kwa njia zilezile ambazo bahari ya Hindi imezitumia kwa kila bidhaa. Iliingia kwa mabaharia na kwa majahazi kutoka Makran, kwenye pwani ya Iran na Pakistan, na ikapata soko katika miji iliyokuwa imeanza kufurika watalii. Ile ya mwanzo ilikuwa ya rangi ya kahawia, wakaiita brown sugar, nayo ilivutwa: mtu aliichanganya na tumbaku au bangi akaisokota. Mwanaanthropolojia Susan Beckerleg, aliyeandika kuhusu Watamu katikati ya miaka ya 1990, alieleza jinsi vijana wa mji mmoja mdogo walivyogawanyika kati ya waliovutwa na unga na waliovutwa na msikiti. Familia zilijibu kwa silaha walizokuwa nazo. Kijana alipelekwa shamba, akafungiwa chumbani siku kadhaa hadi arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, ipite, akasomewa Kurani, au akapelekwa kwa ndugu Uarabuni kwa matumaini kwamba bahari ingemtenga na wenzake. Hatua hizo hazikuwa za kipuuzi. Mwili humaliza arosto kali ndani ya wiki moja hivi, kwa hiyo aliyefungiwa alitoka akiwa mzima kweli. Tatizo lilikuwa siku ya nane, aliporudi kwenye kona ileile akiwa hana kazi wala sifa, na akiwa na mwili ambao haukuweza tena kuhimili kiasi alichokizoea.

Wakati huo dola ilikuwa na jibu moja. Sheria ya Kenya ya 1994 kuhusu dawa za kulevya iliweka kifungo cha miaka 10 kwa anayekutwa na bangi ya kutumia mwenyewe, na miaka 20 kwa dawa nyingine. Tanzania ilipitisha sheria yake mwaka 1995, nayo ikaunda tume ya kuratibu udhibiti. Sheria hizo zilitungwa kufuatia mikataba ya kimataifa iliyomlenga mfanyabiashara, lakini aliyekuwa rahisi kukamatwa alikuwa mtumiaji. Mwenye shehena alikaa mbali na unga wake. Teja alikaa nao mfukoni, kete moja au mbili, na askari wa doria alimjua kwa sura. Matokeo yake ni kwamba kwa muda wa takribani miaka 15, ofisi pekee ya serikali ambayo mraibu wa kawaida aliifahamu kwa ndani ilikuwa kituo cha polisi. Hospitali na wodi za akili zilikuwapo, Mathari, Port Reitz, Muhimbili, Kidongo Chekundu, lakini zilimpokea aliyekwisha kuharibikiwa kabisa, tena kwa aibu ya familia nzima.

Ni katika pengo hilo ambapo The Omari Project iliibuka Malindi katikati ya miaka ya 1990, kwa juhudi za wenyeji na wageni wachache, ikawa miongoni mwa wa kwanza pwani kufungua mahali pa kuwapokea watumiaji wa heroini na baadaye nyumba ya kuwalaza. Mombasa, jumuiya ya MEWA iliyoanzishwa na Waislamu katika miaka ya 1980 kwa ajili ya elimu na ustawi, ikajikuta ikiingia katika kazi ya uraibu kwa sababu watoto wa wanachama wake ndio waliokuwa wakipotea. Reachout ilifuata katika miaka ya 2000. Ukiyatazama majina haya kama asasi zisizo za kiserikali tu, zenye vichwa vya barua na ripoti za mwaka, utakosa kuona zilivyoota. Miji ya Waswahili ilikuwa na mazoea ya muda mrefu ya kujiendeshea mambo ambayo serikali haikuyagusa: vyama vya kufa na kuzikana, wakfu zilizoendesha misikiti na madrasa, vikundi vya wanawake vya harusi na ngoma vilivyokuwa pia benki na mahakama za mtaa. Ada ililipwa kidogo kidogo, na asiyefika msibani alihojiwa. Chama cha kumwokoa mraibu kilikuwa tawi jipya la mti huo. Upya wake ulikuwa kwamba kilimsaidia mtu ambaye mtaa ulikwisha kumfukuza. Chama cha kuzikana humhudumia mwanachama mwenye heshima. Teja alikuwa ameiba masufuria ya mama yake, amevua bati la jirani, na amevunja kila ahadi. Kumtetea kulihitaji ujasiri wa aina nyingine, na waliokuwa nao mara nyingi walikuwa mama zake au wenzake waliotangulia kuacha.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 mambo yakabadilika kwa kasi. Unga mweupe, unaoyeyuka kirahisi katika maji, ulianza kuchukua nafasi ya ule wa kahawia, na waliokuwa wakivuta wakaanza kujidunga. Mabadiliko haya yalikuwa ya soko, lakini matokeo yake yalikuwa ya damu. Mwaka 2005 mtafiti Sheryl McCurdy na wenzake waliripoti kutoka Dar es Salaam desturi ya kutisha iliyoitwa flashblood: mwanamke aliyemaliza kujidunga alijaza bomba la sindano kwa damu yake mwenyewe na kumpa mwenzake asiye na pesa, kwa imani kwamba damu hiyo ilibeba unga wa kutosha kumtuliza arosto. Utafiti mwingine wa jijini humo, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta asilimia 42 ya waliojidunga wakiwa na virusi vya UKIMWI. Unguja, ambako maambukizi katika jamii kwa ujumla yalikuwa chini ya asilimia 1, uchunguzi wa mwaka 2007 ulikuta takribani asilimia 16 miongoni mwa wanaojidunga. Takwimu hizi ndizo zilizowaamsha mawaziri. Inafaa kuuliza zilipatikanaje. Hakuna orodha ya mateja ambayo mtafiti angeweza kuchagua majina humo. Njia iliyotumika sana ni ya kuponi: wanaanza watu wachache wanaoaminika maskani, kila mmoja anahojiwa na kupimwa, kisha anapewa kuponi chache awape wenzake, nao wakija wanapewa zao, hadi mnyororo unafika mbali na wale wa mwanzo. Mnyororo huo haupigi hatua ya kwanza pasipo mtu ambaye maskani inamjua na haimwogopi. Mara nyingi mtu huyo alikuwa mfanyakazi wa chama cha hiari, au teja aliyeacha, aliyejua ni saa ngapi watu wanakusanyika na nani akisema jambo linasikika. Hata ushahidi ambao serikali iliutumia kujenga kliniki zake, basi, ulipita mikononi mwa watu hawa kabla ya kufika kwenye meza ya mtaalamu.

Mchango huu wa vikundi vya mtaani ulikwenda mbali zaidi Dar es Salaam. Huko Temeke kilikuwapo kikundi kinachoitwa Mukikute, Mapambano ya Kifua Kikuu na UKIMWI Temeke, kilichoanzishwa mwaka 2005 na watu waliowahi kuugua kifua kikuu. Kazi yao ya kuwatafuta wagonjwa wa kikohozi mitaani iliwafikisha palepale walipolala mateja, kwa sababu kifua kikuu na maskani vinakaa nyumba moja. Kuanzia 2010 madaktari wa shirika la Médecins du Monde wakaja Temeke na sindano safi. Upande wa Kimara kulikuwa na waelimishaji rika waliojizoeza miaka mingi kuhudumia wenye UKIMWI majumbani. Kwa hiyo kliniki ya methadoni ya Muhimbili ilipofunguliwa Februari 2011, chini ya wataalamu wa afya ya akili kama Daktari Jessie Mbwambo, njia za kuwafikia wagonjwa zilikwisha kufyekwa. Mteja mpya hakuja peke yake mlangoni. Vikundi vya mtaani vilimwandaa, vikamhudhurisha vikao vya maelezo, kisha vikamsindikiza hospitali. Ni hapo tu alipofika kwenye dirisha: mfamasia anapima dawa ya maji kwa kifaa, anaimimina katika kikombe kidogo cha plastiki, mteja anakunywa mbele yake na kusema maneno mawili matatu ili ionekane amemeza, kisha anaondoka. Kesho anarudi. Methadoni hukaa mwilini muda mrefu kuliko heroini na humwondolea arosto pasipo kumpa ulevi ule wa ghafla, lakini inadai aje kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwamo.

Kuna atakayepinga hapa, na pingamizi lake ni zito. Atasema: vyama hivyo viliandaa njia, sawa, lakini kilichookoa maisha ni dawa, na dawa ni kazi ya dola. Hakuna kikundi cha mtaani kinachoweza kuingiza nchini dawa inayodhibitiwa kimataifa, kuajiri wafamasia, na kuiendesha kliniki miaka nenda rudi. Hilo ni kweli, na anayeandika sifa za vyama vya hiari huku akilificha anadanganya. Tanzania Bara ilikuwa ya kwanza katika bara la Afrika kusini mwa Sahara kuanzisha kliniki ya methadoni ya umma, na uamuzi huo ulikuwa wa watumishi wa serikali waliothubutu. Leo waliomo kwenye huduma hiyo nchini Tanzania ni zaidi ya 10,000. Lakini tazama kilichotokea ndani ya kliniki hiyo ya kwanza. Uchunguzi wa miaka yake miwili ya mwanzo, uliohusu watu 629, ulikuta kwamba uwezekano wa mteja kuwa bado anakuja baada ya miezi 12 ulikuwa asilimia 57. Kwa kipimo cha huduma za namna hiyo duniani, hayo ni mafanikio. Hata hivyo wengi waliobaki nyuma waliacha kwa sababu ambazo dawa haiwezi kuzitibu: nauli ya daladala ya kila siku, kazi ya kibarua isiyosubiri, kukamatwa, familia iliyochoka. Anayekwenda kumtafuta aliyekosa siku tatu, anayejua amehamia Vingunguti au amerudi kwao Tanga, si mfamasia. Dola iliileta dawa. Uaminifu unaoifanya dawa imezwe kila asubuhi haukuwamo katika shehena.

Ushahidi bora wa upande wa pili, yaani wa nini hutokea dola ikifanya kazi peke yake, ulitokea Kenya miezi michache kabla ya kliniki ya Muhimbili kufunguliwa. Desemba 2010 waziri wa usalama wa ndani, George Saitoti, aliwataja bungeni wabunge waliokuwa wakichunguzwa kuhusu biashara ya dawa za kulevya, na msako ukaanza pwani. Kwa kipimo cha polisi, ulifaulu: heroini ikaadimika Mombasa, Malindi na kwingineko kwa miezi kadhaa. Wakati huo Kenya haikuwa na methadoni. Maelfu ya watu wakaingia arosto kwa pamoja, wakisongamana mahali popote palipowapokea. Utafiti uliofanywa baadaye ulionyesha watumiaji wakihamia pombe na vidonge, wakichangia sindano, na wakihatarisha maisha unga uliporudi kwa sababu miili yao ilikwisha kupoteza uzoefu wa dozi zao za zamani. Milango iliyokuwa wazi ilikuwa ile ya vyama vichache vilivyokwisha kuzoea kazi hiyo. Bila kukusudia, msako ulionyesha kwamba kuukata unga bila kumshika mtumiaji humtoa hatari moja na kumtia nyingine.

Unguja ilichukua njia yake, na inastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu inaonyesha jinsi wazo la mbali linavyopata uenyeji. Mwaka 2009 ilifunguliwa huko nyumba ya kwanza ya namna ambayo sasa kila mtu anaiita soba hausi. Mfano wake ulitoka Marekani, katika hatua kumi na mbili zilizobuniwa na walevi wa pombe waliounda Alcoholics Anonymous huko Ohio mwaka 1935, kisha zikachukuliwa na watumiaji wa dawa za kulevya wa California walioanzisha Narcotics Anonymous mwaka 1953. Kiini chake ni kwamba mraibu mmoja humsaidia mwingine, bila ada na bila mtaalamu, na kwamba mtu anakiri kushindwa na kujikabidhi kwa nguvu iliyo juu yake. Waingereza na Wamarekani wasio na dini wamehangaika sana na kipengele hicho cha mwisho. Unguja hakikuwa kikwazo hata kidogo. Mtu anayeamka kwa adhana, anayeswali jamaa, kisha anakaa kwenye duara na wenzake kueleza jana ilivyokwenda, anaona mambo hayo mawili yakisaidiana. Ndani ya soba siku imepangwa dakika kwa dakika: usafi wa chumba, zamu ya jikoni, kikao cha asubuhi, darasa la hatua, kikao cha usiku, na simu huzuiwa wiki za mwanzo. Wanaoongoza ni waliopitia. Familia ndizo zinazolipia chakula na malazi, na wazo hilo likavuka bahari haraka, likaenea Bagamoyo, Dar es Salaam, Tanga na Arusha.

Hapa pana lawama ambayo haifai kufunikwa. Nyumba hizi zilienea kuliko uwezo wa kuzisimamia. Baadhi zimelaumiwa kwa msongamano, kwa kumzuia mtu asiyetaka kukaa, kwa adhabu zinazokaribia fedheha, na kwa kuendeshwa na watu ambao sifa yao pekee ni miezi michache ya kuwa safi. Mamlaka ya Tanzania ya kudhibiti dawa za kulevya, iliyoundwa kwa sheria ya 2015, imelazimika kuziwekea miongozo. Mimi naona lawama hizo ni za haki, na naona pia chanzo chake. Chama cha hiari kinapoachiwa peke yake kazi ambayo kwa asili ni ya umma, kinafanya kwa uwezo wake, na uwezo wake hautoshi. Familia iliyolipa miezi minne haitaki kusikia kwamba kijana amejiondoa siku ya kumi, basi mlango unafungwa kwa nje. Udhaifu huo ni sehemu ya hoja yangu.

Ubishi mkali zaidi ulikuwa kuhusu sindano. Kenya ilipotangaza mwaka 2012 mpango wa kugawa sindano safi kwa wanaojidunga, viongozi wa dini wa pwani walipinga vikali, na sauti zao zilisikika katika hotuba za Ijumaa na za Jumapili pia. Hoja yao ilikuwa rahisi kueleweka: utampaje mtu chombo cha kujiangamizia? Si vyema kuwacheka. Walikuwa wakizika vijana, na walijua kwamba katika mtaa mdogo ukimya wa kiongozi husomwa kama ruhusa. Asili ya wazo lenyewe ingewashangaza. Sindano safi kwa waraibu hazikubuniwa na madaktari. Zilidaiwa Amsterdam mwaka 1984 na chama cha watumiaji wa dawa za kulevya wenyewe, kwa kuogopa homa ya ini, mfamasia aliyekuwa akiwauzia sindano alipoacha kufanya hivyo. Na pesa zilizosaidia mpango wa Kenya kuanza, kupitia mradi ulioratibiwa nchini na KANCO, muungano wa mashirika ya UKIMWI, kuanzia 2011, zilitoka kwa serikali ya Uholanzi. Vyama vya Mombasa na Malindi vilijibu pingamizi la mimbarini kwa uvumilivu. Viliwaita maimamu na wachungaji, viliwaonyesha sanduku la kurudishia sindano zilizotumika, majipu yaliyokuwa yakifungwa vituoni, na wazazi waliokwisha kuzika. Hoja waliyoiona inafaa ilikuwa ya kisheria ndani ya Uislamu wenyewe: kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu ya sharia, na pakiwa na madhara mawili hulindwa dhidi ya kubwa kwa kubeba dogo. Hawakumshawishi kila mtu. Lakini ugawaji ulianza 2013 na ukaendelea, na sindano hazikumwagika mitaani kama ilivyohofiwa, kwa sababu wagawaji walizihesabu zinapotoka na kuzifuata zirudi.

Masuala ya pesa yanastahili aya yake, maana ndipo wapinzani wa vyama vya hiari wanapoegemea zaidi. Wanasema hakuna hiari hapo: ni ajira ya wafadhili, na mradi ukiisha chama kinakufa. Kuna ukweli. Mfuko wa Marekani wa UKIMWI, PEPFAR, ulioanzishwa mwaka 2003, ulilipia sehemu kubwa ya methadoni, lakini sheria za Marekani kwa miaka mingi zimezuia pesa za shirikisho kununua sindano. Kwa hiyo Mmarekani alinunua dawa, Mholanzi au Mfaransa au Mfuko wa Dunia akanunua sindano, na soba ikalipiwa na mama wa kijana kwa mauzo ya maandazi. Mtu mmoja, ugonjwa mmoja, na wafadhili watatu wasiozungumza. Aliyeviunganisha vipande hivyo ni mfanyakazi wa mtaani aliyembeba mtu yuleyule kutoka sindano hadi methadoni hadi soba na, alipoteleza, akamrudisha mwanzo bila kumtukana. Posho aliyopewa kwa kazi hiyo haikuwa mshahara. Wafadhili pia walipindisha lengo: chama kilichoanza kwa uchungu wa familia kilijikuta kikiripoti idadi ya vipimo vya UKIMWI, na mtu anayevuta bila kujidunga, ambaye naye maisha yake yanabomoka, hakuwa na safu kwenye fomu. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje, vituo vya mtaani nchini Kenya vilifungwa au kupunguza watu ndani ya wiki chache. Wapinzani waliona hapo uthibitisho. Mimi nauliza kwa nini kliniki ndani ya hospitali za serikali zilikuwa na mahali pa kusimama huku waliozipelekea wagonjwa wakibaki bila kitu. Utegemezi haukuwa kosa la vyama peke yake. Kwa miaka 14, tangu dirisha la Muhimbili, kazi ya mtaani iliachwa nje ya bajeti za umma kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine wa kuilipia.

Anayehesabu waraibu atasema juhudi zote hizi hazikupunguza idadi yao. Huenda ni kweli. Unga unakuja kwa sababu za kusini mwa Asia na za njia ya bahari. Mwaka 2014 manowari ya Australia ilinasa zaidi ya kilo 1,000 za heroini kwa mpigo mmoja nje ya pwani ya Kenya. Kumdai mwelimishaji rika wa Likoni azuie hilo ni kumdai asichopewa. Kipimo chake halali ni wangapi kati ya waliokwisha kunaswa wamebaki hai, wamepata dawa ya virusi, wamerudi kwao. Kwa kipimo hicho lipo kundi moja ambalo kliniki na vyama vyote vimeshindwa nalo: wanawake. Katika kliniki za methadoni wamebaki wachache sana, huku wao ndio waliokuwa na maambukizi makubwa zaidi katika tafiti za Dar es Salaam. Mwanamke anayefanya kazi usiku hawezi kuwahi dirisha la asubuhi, anaogopa kunyang'anywa mtoto, na mara nyingi anategemea mwanaume anayemnunulia unga. Vikundi vilivyowafikia ni vile vilivyobadilisha saa, vikaweka chumba cha watoto na bafu lenye mlango. Hayo hayakuwa katika mwongozo wa wizara yoyote. Yalijulikana kwa sababu mtu alikaa nao akauliza.

Kinachobaki ni uamuzi wa bajeti, na mfano wake upo. Septemba 2023 Kenya ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 wanaopita nyumba kwa nyumba, na serikali kuu na za kaunti zikakubaliana kugawana posho yao ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Kabla ya hapo wengi wao walifanya kazi hiyohiyo kwa miaka mingi bure, na hoja zilizotumika kuwanyima malipo zilikuwa zilezile: kwamba ni wa kujitolea, kwamba wana wafadhili, kwamba hawana vyeti. Kaunti za Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu zinaweza kuwaandika katika orodha hiyo wanaopita maskani, kwa posho ileile na kwa usimamizi uleule, bila kusubiri sheria mpya. Halmashauri za Dar es Salaam na Tanga zinakusanya ushuru katika mitaa ambamo kazi hii inafanyika kila siku, nazo hazina sababu ya kusubiri mfadhili mwingine.